Maswali na Majibu: Kinachofukiwa Chini ya Lami

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: barabara, madaraja na maji yaliyolipiwa lakini hayadumu, na maofisa ambao kauli zao hakuna anayeziamini tena. Tumechagua saba, tukazijibu pamoja na wahandisi na wakaguzi wa hesabu.

Barabara yetu haijatimiza miaka miwili tangu iwekwe lami, na tayari ni mashimo matupu. Ofisi inasema ni mvua. Mkandarasi anasema ni malori. Wananchi wanasema ni wizi. Nani mkweli?
*Dereva wa lori*

Ndugu dereva, huenda wote watatu wana sehemu ya ukweli, lakini barabara yenyewe inatoa ushahidi ukijua pa kutazama. Usianze na shimo. Tazama kipande ambacho bado hakijatoboka.

Nyufa zilizoshikana kama ngozi ya mamba, hasa kwenye njia ya matairi, maana yake tabaka la kokoto lililo chini limelegea: halikushindiliwa, au kokoto ilichanganywa na udongo wa mfinyanzi, au maji yameingia. Mabonde mawili marefu yanayokwenda sambamba hutokana na mizigo iliyozidi, au lami iliyoshindiliwa vibaya. Kokoto zikinyofoka moja moja na kutapakaa pembeni, basi lami ilikuwa haba kwenye mchanganyiko, au iliunguzwa kwa moto mkali, au ilimwagwa imepoa. Mchanganyiko wa moto wa lami na kokoto hufika kazini ukiwa na nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na kushindilia kunapaswa kuisha kabla haujashuka hadi 85 hivi. Lori likichelewa njiani mpaka mzigo ukapoa, hata upitishe mashine ya kushindilia mara ngapi, haushiki.

Barabara inayoliwa kutoka ukingoni kuelekea katikati ni kesi ya maji, na hapo ndipo tuiangalie hoja ya mvua. Mvua ilijulikana siku barabara inachorwa. Ndiyo maana lami huinuliwa katikati, kwa kawaida kwa mteremko wa asilimia 2.5 kila upande. Kwa barabara ya upana wa mita 7, katikati panatakiwa pawe juu ya ukingo kwa karibu sentimita 9. Unaweza kupima mwenyewe: shika kamba katikati ya barabara, ivute hadi ukingoni, isawazishe kwa pimamaji, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya kamba na lami. Ukipata sentimita 3, maji yanalala juu ya barabara. Halafu shuka mtaroni. Sakafu ya mtaro ikiwa juu kuliko tabaka la kokoto, maji yanarudi kuinywesha barabara kwa chini, na barabara iliyolowa chini hufa hata kama lami yake ni nzuri.

Sasa wizi wenyewe. Kilomita moja ya barabara ya upana wa mita 7, ikiwa na lami ya unene wa sentimita 5, inahitaji mita za ujazo 350 za mchanganyiko. Ukipunguza sentimita moja tu, umebakiza mita za ujazo 70, yaani zaidi ya tani 160, katika kila kilomita. Siku ya uzinduzi hakuna jicho linaloweza kuona sentimita hiyo moja. Anayeiona ni mashine ya kutoboa: hukata mche wa duara wenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, unatoka mzima kama kipande cha gogo, unaupima kwa rula. Mikataba mingi ya lami hudai vipande hivi vikatwe kwa umbali maalumu na matokeo yaandikwe. Swali lako kwa ofisi lisiwe "kwa nini barabara ni mbovu?" Liwe hivi: "Tunaomba matokeo ya vipande vya lami, kilomita kwa kilomita." Ofisi isiyo nayo ililipia kazi bila kuipima.

Na malori? Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori mfululizo kwenye barabara za majaribio katika jimbo la Illinois. Kanuni iliyotokana na vipimo vile bado inatumika: madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba matairi, hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidi uzito kwa asilimia 20 huumiza barabara mara mbili. Ikizidi maradufu, ni mara 16. Kwa hiyo hongo inayotolewa kwenye mizani ili lori lipite, hata iwe ndogo kiasi gani, ni sehemu ya jibu la swali lako, na madereva mna uzito mkubwa katika hilo kuliko mnavyodhani.

Aliyeshinda zabuni alitaja bei ya chini kuliko wote. Sasa mradi uko nusu na gharama imempita hata yule aliyetaja bei ya juu. Imekuwaje?
*Mfanyabiashara*

Mara nyingi mchezo huu huchezwa kabla bahasha hazijafunguliwa, na umejificha ndani ya mchanganuo wa kazi na bei, lile jedwali linaloorodhesha kila kazi, kiasi chake na bei kwa kipimo kimoja.

Chukua mfano wa kuchimba mwamba. Jedwali linakadiria mita za ujazo 100 tu. Mzabuni aliyenong'onezwa na mtu wa ndani anajua kwamba kiasi halisi kitaandikwa 1,500. Basi anaweka bei kubwa mno kwenye mwamba, na bei ya kutupa kwenye kazi nyingine zote. Jumla yake inatoka ndogo, anashinda. Kazi ikianza, mwamba "unagunduliwa", kiasi kinapanda mara 15 kwa bei ileile, na mkataba unafura. Wengine hawahitaji hata mwamba wenyewe: udongo wa kawaida huandikwa mwamba kwenye daftari la vipimo, shimo likafukiwa, na hakuna wa kubisha. Ndugu yake ni umbali wa kusafirisha kokoto. Machimbo yako kilomita 5, karatasi zinasema 30.

Kwa hiyo linganisha nyaraka tatu: mchanganuo uliosainiwa, amri za mabadiliko ya kazi, na hati za malipo. Tafuta kazi ambazo bei yake ilikuwa juu kupita za washindani *na* kiasi chake kikaongezeka. Likitokea kwenye mstari mmoja, huenda ni bahati mbaya. Likitokea kwenye mistari minne ya mradi mmoja, mpelekee mkaguzi wa hesabu.

Tazama pia walioshindwa. Wazabuni walioshindwa kisha wakaonekana kwenye mradi uleule wakipewa vipande vya kazi na mshindi. Bei zilizopishana kwa asilimia ileile kila mstari. Kosa lilelile la tahajia kwenye zabuni tatu za kampuni "tofauti". Mradi mmoja uliokatwa vipande vitano, kila kimoja kikiwa chini kidogo tu ya kiwango kinachodai zabuni ya wazi. Haya hayaonekani ikiwa zabuni zimefungiwa kabatini. Ukraine, tangu 2016, manunuzi ya serikali yamekuwa yakipitia mfumo wa intaneti uitwao ProZorro, ambamo mtu yeyote anaweza kusoma nani aliomba, kwa bei gani, na mkataba ukabadilishwa vipi baadaye. Haukumaliza wizi. Umefanya alama za wizi zisomeke na watu wengi, wakiwemo wazabuni walioonewa, ambao ndio wenye uchungu na utaalamu wa kuzisoma.

Kwa nini serikali zinapenda kujenga kipya huku cha zamani kikiporomoka?
*Mwalimu mstaafu*

Mwalimu, shikamoo. Kuzibua kalvati hakuna utepe wa kukata. Hiyo ni sababu ya kwanza na kila mtu anaijua. Ya pili haisemwi sana: mradi mpya ni mkataba mmoja mkubwa, na fungu la mtu hutoka humo kwa mara moja, ilhali matengenezo ni kazi ndogo ndogo mia zilizotawanyika. Ya tatu ni kwamba pesa za kujengea mara nyingi hutoka kwenye mikopo na misaada, lakini za kutunzia zinatakiwa zitoke kwenye bajeti ya kawaida, na bajeti ikibana, matengenezo ndiyo hukatwa kwanza kwa sababu hayana wa kuyalilia.

Gharama yake inajulikana. Wakala wa barabara za taifa wa Afrika Kusini ulikadiria kwamba barabara ikiachwa miaka mitatu bila matunzo, kuitengeneza hugharimu mara 6 ya ambacho matunzo yangegharimu. Ikiachwa mitano, mara 18. Ufa wa milimita tatu huzibwa asubuhi moja. Ukiachwa, maji yanapita humo hadi kwenye kokoto, na baada ya misimu michache unachimbua barabara nzima.

Na si pesa tu. Daraja la Morandi mjini Genova, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967. Tarehe 14 Agosti 2018 sehemu yake ilianguka, watu 43 wakafa. Nyaya za chuma zilizolibeba zilikuwa zimefunikwa kwa zege, kwa hiyo kutu ilikuwa ikizila ndani mahali macho hayafiki. Nguzo namba 11 iliimarishwa miaka ya 1990. Nguzo namba 9, ndiyo iliyoanguka, haikuimarishwa. Mpango wa kuiimarisha ulikuwa umeandikwa na kuidhinishwa, ukingoja kuanza.

Kwa anayetaka kufuatilia: omba takwimu za fungu la matengenezo katika safu tatu, yaani kiasi kilichoidhinishwa, kilichotolewa, kilichotumika. Ofisi hupenda kutangaza safu ya kwanza. Ukweli uko kwenye ya pili. Hata ya tatu usiiamini bila ushahidi, maana mtaro uliolipiwa kuzibuliwa na ambao haukuzibuliwa hufanana kabisa baada ya mvua moja kubwa. Dai picha za kabla na baada, zilizopigwa mahali palepale, zikionyesha kitu kisichohama, kama kichwa cha kalvati au nguzo ya umeme.

Maji yetu yana rangi, lakini maofisa wametangaza vipimo vinaonyesha ni salama. Niamini?
*Mama mwenye mtoto mchanga*

Mama, uliza yalipimwa vipi, kwa kuwa kipimo cha kweli kinaweza kuchukuliwa kwa namna ya kuficha. Mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo cha maji mwezi Aprili 2014 ili kupunguza gharama, na dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa. Maji yakaanza kumega madini ya risasi kutoka kwenye mabomba. Wakazi walileta chupa za maji ya kahawia, wakaambiwa hakuna tatizo. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha magari kiliacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yakila vipuri vya injini. Wananchi waliendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi. Kwenye vipimo vya mwaka 2015, sampuli mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye hesabu, na mji ukaonekana uko ndani ya kiwango.

Risasi hupimwa kwenye maji yaliyolala bombani kwa saa 6 au zaidi, lita ya kwanza inayotoka. Maelekezo yakisema "fungulia maji yatiririke kwanza jioni ya jana yake" au "ondoa kichujio cha mdomo wa bomba", sampuli imeshaoshwa kabla ya kuchukuliwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Mpaka ujibiwe hayo, usichemshe ukidhani umeponya: kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi hubaki palepale, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea. Tafuta chanzo kingine cha maji ya mtoto.

Tumechaguliwa kamati ya wananchi ya kusimamia mradi. Tuangalie nini?
*Katibu wa kamati*

Angalieni vitu vinavyohesabika, na mhakikishe mkaguzi wa nje anakuja pia. Tunasema hivi kwa sababu jambo hili limewahi kujaribiwa kwa uangalifu. Nchini Indonesia mtafiti Benjamin Olken alifuatilia miradi ya barabara katika vijiji 608. Wahandisi walichimbua vipande vya barabara kukisia vifaa vilivyotumika, wakauliza bei kwa wauzaji na ujira kwa vibarua, kisha wakalinganisha na hesabu zilizoandikwa. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba ukaguzi wa serikali utakuja bila shaka yoyote vilipunguza pesa zisizo na maelezo kwa asilimia 8 hivi ya gharama ya mradi. Kuwaalika wananchi wengi mikutanoni kulisaidia kidogo sana kwa jumla: wizi wa ujira ulipungua, wizi wa vifaa ukaongezeka. Kibarua anajua kama amelipwa, lakini ni wachache wanaojua mita moja ya barabara inakula kokoto kiasi gani.

Basi jifunzeni kiasi. Zege la kawaida la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne linakula mifuko 6 na kidogo ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Sakafu ya darasa la mita 8 kwa 6, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 4.8, yaani karibu mifuko 31. Hesabuni mifuko mitupu jioni. Ikiwa ni 20, hakuna maelezo yatakayoijaza sakafu ile. Tazameni na maji: mfuko mmoja unatosheka na lita 25 hadi 30. Fundi anayeongeza maji kwa mpira ili zege liteleze anapunguza nguvu yake kwa kila sekunde mpira unapobaki wazi. Pimeni nondo kabla ya kumwaga, maana baada ya hapo hamtaziona tena: unene, idadi, nafasi kati ya moja na nyingine. Andikeni tarehe, na waliopo wote watie saini.

Nina ushahidi wa wizi kwenye mradi, lakini naogopa, na sioni kama barua yangu itafika popote.
*Jina linahifadhiwa*

Hofu yako ina msingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kuwalinda watoa taarifa, lakini kilichoandikwa na kinachotendeka havilingani kila mahali. Jikinge mwenyewe kwanza. Usitumie kompyuta, barua pepe wala printa ya ofisini. Ondoa taarifa zilizojificha ndani ya picha, yaani mahali, saa na aina ya simu. Kabla ya kutuma waraka jiulize ni watu wangapi waliokuwa nao: kama mlikuwa wawili, kuutuma ni sawa na kutia saini. Hapo afadhali utaje namba ya waraka na faili lilipo, mkaguzi aukute mwenyewe.

Barua nyingi huishia kapuni kwa sababu zinasema "viongozi wetu wamekula pesa." Sentensi hiyo haichunguziki, na inaweza kukushitakisha. Andika hivi: "Mkataba namba fulani, kilomita 2.4, upande wa kushoto. Mkataba unataka lami ya sentimita 5. Ukingo uliovunjika unapimika sentimita 3.5, picha yenye futi ya kupimia imeambatishwa. Tunaomba matokeo ya vipimo vya sehemu hii ndani ya siku 14." Hujamwita mtu mwizi; umetaja tofauti inayohitaji jibu. Peleka kwa mwenye mradi, kwa mkaguzi mkuu wa hesabu na kwa chombo cha kupambana na rushwa, na kila barua ionyeshe kwamba nakala zimekwenda kwa wengine. Ukiweza kuipeleka kwa mkono, au kikundi chenye jina kikakupelekea, nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaomzuia mtu kusema hakujua.

Kuhusu kufika: Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ilipoanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule kubandika ukutani kilichofika, mambo yalibadilika. Mpaka 2001 kilichofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Kulikuwa na mageuzi mengine pia, lakini mwalimu mkuu aliyejua namba alikuwa na cha kudai.

Nimeajiriwa karibuni kama mhandisi serikalini. Siibi, lakini wananchi wananitazama kama mwizi. Nifanyeje?
*Mhandisi kijana*

Wana haki ya kukutazama hivyo, na usiwakasirikie. Waliahidiwa mengi kabla yako. Anza na meza yako: hati ya malipo ikikaa wiki sita bila saini, mkandarasi atatafuta wa kumpa kitu isogee, na kitu hicho atakirudisha kwa kupunguza saruji. Weka daftari la hati, tarehe ya kuingia na ya kutoka, libandikwe mlangoni. Usiiachie pesa ya mkandarasi inayozuiliwa, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10, kabla kipindi cha kurekebisha dosari hakijaisha na wewe kuipita barabara yote kwa miguu.

Bango la mradi lionyeshe urefu, upana, unene wa kila tabaka, bei, tarehe ya kumaliza na namba ya simu inayopokelewa. Unene ndio hukosekana kwenye mabango, na ndio wananchi wanaouhitaji.

Michemraba ya zege ya sentimita 15 itoe wewe mwenyewe kwenye zege linalomwagwa saa hiyo. Usipokee iliyoletwa tayari, kwani ni rahisi kutengeneza michemraba sita mizuri kwa ajili ya maabara huku nguzo ikipewa uji. Itie alama kwa mkono wako, na siku ya 7 na ya 28 uwepo ikivunjwa. Na kabla tabaka lolote halijafukiwa, tangaza siku moja mapema kwamba mtaro utakuwa wazi saa fulani, kila anayetaka aje na futi yake. Huenda mara ya kwanza wakaja wawili. Wasubiri, shika ncha ya pili ya futi, na namba waisome wao.